Kasa wa Kumi na Tatu Ramadhani

Huko Sur, Oman, ikifika jioni ya kuamkia mwezi kumi na tano Ramadhani, watoto hutoka baada ya kufuturu, wakapita nyumba kwa nyumba wakigonganisha makome na kuimba. Kwenye kila mlango unaofunguliwa hutiliwa mifukoni njugu, peremende na tende. Wenyewe huiita qarangasho. Watoto wa mji huvaa nguo zao nzuri basi: wasichana kanzu za rangi za kung'aa na suruali zenye nakshi miguuni, wavulana kanzu nyeupe na kofia. Hakuna anayejigeuza kitu. Ila Kaltham binti Harub. Yeye tangu ana miaka minne, kila mwaka alikuwa kitu kingine.

Mambo yalianza mwaka 1974. Harub na mkewe Turkiya walikuwa ndio kwanza wamehamia kutoka Unguja, pamoja na mama yake Harub, Bimdogo, na mabegi mawili yaliyofungwa kwa kamba. Kaltham alikuwa na gauni moja la kutokea, nalo limepauka mabegani na limetiwa kiraka ubavuni. Jirani akaja kuwaambia kwamba kesho ni qarangasho, mtoto naye atoke na wenzake. Turkiya akalitazama lile gauni, akaingia ndani asionekane analia.

Harub alikwenda dukani akaomba kasha tupu na zile karatasi za fedha zinazofunikia majani ya chai. Akakaa chini, akasema bismillahi, akakata, akakunja, akashona kwa sindano ya magunia. Kwao Malindi, Unguja, alikuwa mshona kofia, na kidole chake cha shahada kilikuwa na sugu ya sindano. Siku ya pili magharibi Kaltham akatoka ni dele la kahawa, lina mdomo mrefu mbele, mkono nyuma, na kifuniko kichwani, na gauni lake la kiraka limefichika ndani halionekani hata upindo. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Wazee walitoka barazani kumtazama. Mmoja akafunua kifuniko akamimina peremende humo humo, juu ya nywele zake.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Shaabani haujesha, majirani wakaanza kumuuliza Harub, "Eh, mwaka huu binti yako atakuwa nini?" Akawa mtende, na tende za kweli zimening'inia mabegani, wenzake wakazila zote kabla ya nyumba ya nne. Akawa jogoo. Akawa mnara, ikabidi aelekezwe njia na Bimdogo kwa sababu vitundu vya macho vilikuwa juu mno. Mwaka mmoja akawa farasi, na mkia wa katani uliomfanya mbuzi wa jirani amfuate mtaa mzima.

Harub mwenyewe alikuwa karani katika idara ya maji, na jioni akienda kwenye darasa la watu wazima kujifunza kuandika Kiarabu. Mbele ya daftari lake aliandika masomo, nyuma alichora mavazi ya Kaltham. Hakushona hata siku moja akiwa amekasirika. Akigombana na mtu kazini, aliweka sindano, akatawadha, akaswali rakaa mbili, na siku nyengine hakuishika tena mpaka kesho yake. "Nguo ya mtoto haishonwi na mtu aliyenuna," alisema. "Itamwasha."

Kaltham aliyapenda mavazi yale. Hilo lisemwe kwanza, kwa sababu ni kweli. Lakini mtoto hukua, na mwaka 1980, alipotimia miaka kumi, baba yake alimfanya kamba-koche, na miguu minane ya waya iliyotandaa huku na huku. Kila aliyemwona alipiga makofi. Harub alisimama kwenye kona ya msikiti akasikia makofi, akafurahi. Asichokiona ni kilichotokea mbele zaidi. Nyumba ya mwisho waliitwa ndani wakale luqaimat, yale maandazi madogo ya kuchovya kwenye asali. Wasichana wenzake wakaingia wakisukumana. Kaltham hakupita mlangoni. Alijaribu ubavu, alijaribu kinyumenyume, miguu ikakwama. Akakaa nje kwenye ngazi, akawa anasikia vicheko vya wenzake ndani, na mtu mmoja akasema, "Mpelekeeni na yule mdudu." Aliyesema hakusema kwa ubaya. Kaltham alikula andazi lake gizani, akalipata chungu.

Hakumwambia baba yake. Angemwambiaje?

Mwaka 1981 Ramadhani ilikuwa ya Julai, na joto la Sur la mwezi huo kila mtu analijua. Kaltham alikuwa na miaka kumi na mmoja, na ndio mwaka wake wa kwanza kufunga mwezi mzima. Mama yake alimnunulia kanzu ya kijani na suruali yake, na shela ya rangi hiyo hiyo, akaziweka sandukuni.

"Mama, mwambie baba mwaka huu nataka kutoka na hizi."

"Mwambie wewe."

"Wewe ndiye mkewe."

"Na wewe ndiye kasa," alisema Turkiya. "Mimi hakunishonea. Anayeshonewa ndiye asemaye. Atafurahi kusikia kwako kuliko kwangu."

"Hatofurahi."

"Basi hatofurahi. Lakini aambiwe."

Maana mwaka ule alikuwa kasa. Harub aliwaona kasa huko Ras al Hadd wanavyopanda pwani kutaga, akarudi hana usingizi. Alichukua ungo mkubwa wa Bimdogo bila ya kuomba, akaufunika vipande vya kanzu zake kuukuu alivyovipaka hina na kahawa, kila kipande rangi yake, akavishona kimoja kimoja kama magamba, kwa mshono ule wa kofia ambao mkono wa mtu mwengine hauwezi. Miezi miwili alifanya kazi ile. Lilikuwa gamba zuri kupita kiasi. Kaltham akilitazama, alihisi moyo unamwenda huku na huku.

"Ungo wangu," alisema Bimdogo kila siku. "Mimi napepeta mchele kwa nini, kwa mikono?"

"Mama, kasa huyu atakuombea dua."

"Na aniombee ungo."

Siku chache kabla ya Ramadhani ikaja habari kwamba dada yake Harub, aliyeko Dar es Salaam, mgonjwa sana. Harub akaomba ruhusa akasafiri. Gamba la kasa likabaki limetundikwa ghalani, limefunikwa shuka. Kaltham akajiambia, akirudi tu nitamwambia. Ilikuwa arudi mwezi kumi, ndege ikachelewa. Kumi na moja hakuonekana, wala kumi na mbili.

Alifika kumi na tatu, baada ya alasiri, vumbi mpaka kwenye kope. Turkiya, ambaye alikuwa mhudumu hospitali, alikwisha kwenda kazini, zamu yake ilikuwa ya jioni. Nyumbani walikuwapo Bimdogo na Kaltham.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Shikamoo mama."

"Marahaba. Vipi hali ya mwenzio?"

"Alhamdulillahi, kainuka. Anakula uji, anagombeza watumishi."

"Akigombeza kapona," alisema Bimdogo, akapangusa macho yake kwa upindo wa kanga.

Harub akavua viatu, akamtazama binti yake, na uso wote ukafunguka. "Nilikuwa naomba Mungu njiani, Ya Rabbi nifikishe kabla ya magharibi. Gari imetuharibikia Bidiya saa mbili nzima. Nikasema basi, kasa wangu atatoka mimi simwoni. Na Mola kanifikisha! Kumi na nne hii hii, na jua bado liko juu."

Kaltham alifungua mdomo.

"Leo ndio kumi na nne?" aliuliza Bimdogo. Yeye hakuwa na habari ya hesabu. Alikuwa akisema, mimi nafunga wakifunga, nafungua wakifungua.

"Ndio, mama. Funga yangu ya kumi na nne hii, sikukosa hata moja, na safari yote hii."

Hapo Kaltham akafahamu. Huko Dar es Salaam mwezi ulionekana Alkhamisi usiku, wakaanza kufunga Ijumaa. Oman haukuonekana, wakaanza Jumamosi. Baba yake alikuja na hesabu ya huko kifuani mwake, kama mtu aliyesahau kugeuza saa. Sur ilikuwa kumi na tatu. Qarangasho ilikuwa kesho.

Na fikra ikamjia, ikamjia upesi kuliko vile anavyotaka mtu aliyefunga. Akinyamaza, leo atavaa kasa, atatoka na baba yake, watapita nyumba mbili tatu, hakuna mtoto njiani atakayemwona. Baba ataridhika. Kesho atavaa kanzu ya kijani, ataungana na wasichana wenzake, na hakuna aliyeumia. Hana haja ya kusema uongo hata neno moja. Anyamaze tu.

Akanyamaza.

Adhana ilipolia walifuturu kwa tende na maji, wakasimama kuswali, Harub mbele, Kaltham na Bimdogo nyuma. Kwenye sijida Kaltham aliweka paji la uso kwenye msala na hakuweza kukumbuka la kusema. Mwalimu wake wa chuoni alikuwa akiwaambia kwamba funga si njaa peke yake. Ulimi nao unafunga. Hakuwaambia kama kunyamaza nako ni kula. Akainuka kutoka sijida moyo wake uko pale pale ulipokuwa.

Harub alimvisha mwenyewe. Alimfunga kamba za gamba mabegani, akamvisha kofia ya kichwa cha kasa yenye macho mawili ya vifungo, akarudi nyuma hatua tatu kumtazama. Machozi yalimjaa.

"Mashaallah. Mama, hebu tazama."

"Naona ungo wangu," alisema Bimdogo. Kisha akaongeza polepole, "Kapendeza. Wallahi kapendeza."

Wakatoka. Mtaa ulikuwa mtupu. Harufu ya vyakula ilitoka madirishani, na watu wamo ndani wanakula.

"Tumewahi," alisema Harub. "Watoto wa siku hizi wanakula sana."

Mlango wa kwanza ulikuwa wa Bi Wadha, bibi wa Kisuri aliyekuwa akikaa peke yake. Mumewe marehemu alikuwa baharia, naye akaokota kwake Kiswahili, akikisema atakavyo. Kaltham akagonganisha makome yake mara mbili, bila ya kuimba. Bi Wadha akafungua. Akamwona kasa amesimama kizingitini, na uso wake ukageuka.

"Ya Rabbi. Leo?" alisema. Akamtazama Harub, akamtazama mtoto. "Leo qarangasho? Mimi sikuweka kitu. Sikununua hata njugu. Nilisema bado..." Akashika kichwa. "Uzee huu. Juzi nimesahau moto jikoni, leo nimesahau siku. Nisamehe, binti yangu. Ngoja, ngoja hapo."

Akaingia ndani akijikokota, wakamsikia anafungua kabati na kufunga, anafungua na kufunga. Akarudi na sambusa mbili zilizotoka kwenye sahani yake mwenyewe, bado moto, na tende katika kiganja.

"Usimwambie mtu bibi Wadha kasahau," alimwambia Kaltham, na alijaribu kucheka. "Watasema akili imekwenda."

Mlango ukafungwa. Harub alikwisha kuelekea nyumba ya pili. Kaltham alisimama pale na sambusa mkononi, moto wake unampenya mpaka kwenye mfupa. Alikuwa amefikiri hakuna atakayeumia.

"Baba."

"Njoo, njoo. Hapa kwa Nadhir utapata chokoleti, huyu ana duka."

"Baba, leo kumi na tatu."

Harub aligeuka. "Nini?"

"Leo hapa kumi na tatu. Wewe umeanza kufunga huko kabla yetu. Qarangasho ni kesho."

Alisimama katikati ya njia akaanza kuhesabu kwa vidole, Alkhamisi, Ijumaa, Jumamosi, akarudi, akahesabu tena. Akaanza kucheka. "La haula! Nimekuja na mwezi wa Dar es Salaam! Kwa nini hukunambia, ewe..." Kisha kicheko kikamkatika. "Umejua sasa hivi?"

"La."

"Umejua lini?"

"Uliposema kumi na nne. Kabla ya magharibi."

Kaltham alitamani baba yake apige kelele, lakini Harub hakuwa mtu wa kelele.

"Nilitaka unione nimevaa," alisema Kaltham, "na kesho nitoke na wenzangu na kanzu. Mama kaninunulia kanzu. Sitaki kuwa kitu tena, baba. Mwaka jana sikupita mlangoni. Wao waliingia wote, mimi nilikaa kwenye ngazi, wakaniletea andazi nje."

"Mlango gani?"

"Nyumba ya mwisho. Miguu ya kamba haikupita."

"Nami nilikuwa kwenye kona nafurahi," alisema Harub polepole. Akapangusa uso kwa kiganja. "Mwaka mzima umekaa na hili?"

"Ndio."

"Na mimi nimekukalisha nalo miezi miwili nikishona mbele yako." Akatikisa kichwa. Kisha akamtazama, na safari hii alimtazama kwa ukali. "Haya ya mimi na wewe tutayazungumza. Hilo la kunificha limeniuma, sikufichi. Lakini yule bibi kule ndani anaamini akili imemtoka. Hilo haliwezi kulala."

"Najua. Ndiyo maana nimesema."

"Basi utakwenda kumwambia wewe."

Wakarudi. Kaltham akagonga, kasa vilevile. Bi Wadha alipofungua mlango, macho yake yalikuwa mekundu.

"Bibi, hukusahau," alisema Kaltham. "Leo kumi na tatu. Qarangasho kesho. Mimi nilijua, nikanyamaza. Nisamehe."

Bi Wadha alimtazama, kisha akamtazama Harub, naye akamweleza habari ya mwezi. Bibi alishika fremu ya mlango. Kwanza alisema alhamdulillahi mara tatu, kimyakimya. Halafu kicheko kikampanda kutoka tumboni, akacheka mpaka ushungi ukamwanguka begani.

"Harub! Wewe mwanamume mzima unakula mwezi wa Afrika hapa kwetu! Sasa utafanya nini? Wenzio wakifunga thalathini, wewe thalathini na moja!"

"Nitafunga, bibi. Ndio adhabu yangu."

"Funga, funga. Utakonda, mkeo atafurahi." Akamgeukia Kaltham, akamshika kidevu chini ya kichwa cha kasa. "Na wewe. Umenitisha. Lakini umerudi." Kaltham alimnyooshea sambusa. "La, kula. Mimi nikitoa sirudishi. Kesho njoo tena, utakuta njugu."

Njiani Harub alimfungua kamba akalibeba gamba yeye. Karibu na nyumbani akasema, "Kanzu rangi gani?"

"Kijani."

"Kijani cha namna gani?"

"Kama majani ya mlimao."

"Mh," alisema Harub.

Bimdogo aliposikia habari yote alikaa kitako mkekani, akamtazama mwanawe. "Mtu aliyesoma darasa la usiku miaka mitatu hajui leo lini. Mimi nisiyesoma, siulizwi." Halafu akavuta gamba kwake, akaanza kutafuta mshono wa kuufungulia ungo.

"Mama, ngoja," alisema Harub.

"Ningoje nini?"

Harub akampa mkasi mwenyewe. Lakini Bimdogo alipouweka mkasi kwenye ule mshono wa kwanza, alitazama kazi ile karibu na taa kwa muda mrefu, akauondoa. "Nitanunua ungo mwengine," alisema. "Huu una mchele gani tena."

Usiku ule Kaltham aliswali ishaa, na kwenye sijida yake ya mwisho alipata la kusema. Lilikuwa fupi.

Siku ya pili ilikuwa Ijumaa. Harub hakununa, ila alikuwa mpole kuliko kawaida yake, na upole ule ulimsumbua Kaltham kuliko kama angegombwa. Turkiya alimwuliza mumewe, "Kakwambia?" Akajibu, "Kaniambia." Zaidi ya hapo hawakusema mbele yake. Baada ya magharibi Harub akakaa msikitini, na Kaltham akatoka na kanzu ya kijani bila ya baba yake kumwona.

Walikuwa wasichana tisa. Wote wamevaa kanzu za kung'aa na shela, za kijani peke yake zikiwa nne, wote wamepaka hina, na kwa mbali usingemjua huyu ni yupi na yule ni yupi. Waliimba, walikimbia, waliingia kila mlango walioitwa. Kwa Bi Wadha walipewa njugu hadi mifuko ikazibika. Katika nyumba ya mwisho kabisa Kaltham alikula maandazi manne amekaa baina ya wasichana wawili, magoti yamegusana.

Walipofika kwao, mlango ulikuwa wazi, na Harub amesimama na sinia la njugu na peremende. Wasichana wakamzunguka wakigonganisha makome. Naye akawa anawatilia mmoja mmoja, konzi moja moja, huku macho yake yanapita juu ya nyuso: huyu, huyu, huyu. Yalipita juu ya Kaltham yakaenda, yakarudi mwanzo. Kwa miaka saba alikuwa akimtambua kwa mdomo wa dele, kwa mkia, kwa miguu ya waya, na sasa mbele yake pana wasichana tisa. Kaltham aliona hofu ikimpita usoni, ndogo, kama ya mtu aliyepoteza kitu sokoni.

Akasogea mbele. "Baba, mimi huyu."

Harub aliacha kugawa. Alimtazama kutoka shela mpaka miguuni, polepole, kama alivyokuwa akiitazama kazi yake anapoimaliza, hatua tatu nyuma. Aliangalia begani, aliangalia upindo. Hakupata cha kurekebisha.

"Ndiye," alisema. "Mashaallah. Ndiye."

Akatia mkono kwenye sinia, akamtilia mfukoni konzi moja, sawa na wenzake, wala hakuzidisha. "Haya, nenda. Wenzio wanakuacha."

Kweli walikuwa wakimwacha. Walikwisha kukata kona, sauti zao zinakwenda. Kaltham akakamata suruali yake kwa mkono mmoja akakimbia, njugu zinampiga pajani. Ya Rabbi, alisema anapokimbia, nihifadhie babangu, nihifadhie na macho yake. Kisha akawafikia, akagonganisha makome, akaingia katikati ya wimbo.